Manukato ya baridi hayavaliwi Februari

Leo sitagusa bei ya sukari wala foleni ya magari. Nataka tuzungumze juu ya chupa moja ya manukato ya kiume iliyonipa aibu mwezi Februari, ikanipa sifa mwezi Julai, na katikati ya aibu na sifa ikanilazimisha kujifunza jambo ambalo kwa umri wangu nilipaswa kuwa nimekwisha kulijua.

Chupa hiyo niliipata kwa mdogo wangu anayefanya kazi Ujerumani. Alikuja likizo mwishoni mwa Desemba, akanikabidhi na kusema, "Kaka, haya ndiyo wanaume wa kule wanajipulizia wakati wa baridi kali. Yatakufaa na kazi yako ya kukutana na watu." Niliyanusa nikayapenda papo hapo. Mwanzoni ulisikia mdalasini na pilipili manga. Kisha ikaja karafuu. Nyuma yake ukakaa utamu wa vanila na kitu kama majani makavu ya tumbaku ambayo hayajawashwa moto. Mke wangu alisema yananukia kama chai ya maziwa yenye viungo, ile anayopika mama yake siku ya Idi. Mimi nikajiona nimekuwa bwana mkubwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Siku moja ya Februari nilikuwa na mgeni wa heshima kipindini, mzee mmoja mstaafu mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, aliyekuja kutusimulia jinsi bandari ilivyofanya kazi enzi za ujana wake. Kwa kumheshimu nilivaa shati jipya, nikajipulizia manukato mara sita: shingoni kushoto na kulia, kifuani, katika viganja vyote viwili vya mikono, na mara moja juu ya shati. Nikapanda daladala. Nilipofika kazini nikajinusa, nikaona harufu imekwisha. Nikaingia msalani nikaongeza mara mbili.

Chumba chetu cha kurekodia ni kidogo na hakina dirisha. Kuta zake zimepigwa magodoro ili sauti isirudi, na mlango ni mzito ili kelele za nje zisiingie. Siku hiyo kiyoyozi tulikizima kwa sababu kilikuwa kinanguruma hadi kwenye maikrofoni. Tukaanza mazungumzo. Dakika ya tano mzee akakohoa, akaomba radhi. Dakika ya saba akakohoa tena, na mara hii nikasikia kifua chake kinalia kama filimbi. Akapapasa mfukoni, akatoa kile kichupa cha dawa ya kuvuta ya wenye pumu, akavuta, lakini akawa bado anahema kwa shida. Fundi mitambo aliyaona yote kupitia kioo. Akaweka wimbo, akafungua mlango, tukamtoa mzee kibarazani tukamkalisha penye upepo.

Ilichukua karibu nusu saa kabla pumzi yake haijatulia. Nilikuwa nimesimama pembeni na glasi ya maji, sijui la kufanya, hadi fundi aliponivuta shati akaninong'oneza, "Kaka, ondoka karibu yake. Ni wewe." Ndipo nilipofahamu. Mzee alipopata nafuu aliniita, nikasimama hatua tano mbali naye. Akasema kwa upole, "Mwanangu, pumu ninayo tangu utotoni. Vumbi nimejifunza kulikwepa, moshi nimejifunza kuukwepa. Lakini wewe ningekukwepaje, na tumefungiwa chumba kimoja?" Nikamwambia, "Nisamehe sana, mzee wangu." Hakuwa na hasira. Alipanda teksi akaenda zake, na kipindi kile hakikurushwa.

Chupa nikaitupa kabatini. Ningeisahau, isipokuwa mwezi Julai nilitumwa Njombe kwa kazi ya juma zima. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mke wangu aliponifungia mzigo alitia chupa ile ndani ya sweta bila kuniuliza. Asubuhi ya kwanza, kwa woga mkubwa, nilijipulizia mara mbili tu kifuani, nikavaa shati, sweta na koti. Katika mgahawa nilikokunywa chai, mama mwenye mgahawa alisimama karibu na meza yangu akauliza, "Baba, nani kaoka maandazi ya iliki humu?" Mwenzangu wa safari alisema harufu ile inamfanya ajisikie yuko jikoni karibu na moto. Hakuna aliyekohoa. Watu walivuta viti wakasogea.

Basi nikajiuliza. Chupa ni ileile na mtu ni yuleyule. Kiswahili chetu kinatenganisha kunukia na kunuka kwa irabu moja tu, na mimi nilikuwa nimeivuka irabu ile bila kujua. Kitu gani kilichobadilika? Nikaanza kuuliza, nikianza na mwalimu wa kemia tuliyekuwa tukilala naye nyumba moja ya wageni, kisha nikaendelea na vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Harufu yoyote unayoisikia ni chembe halisi za kitu kile zilizoruka hewani zikaingia puani mwako. Ukinusa ndizi, umevuta chembe za ndizi. Kitu kisichorusha chembe, kama bati au kioo, hakina harufu. Manukato ni mchanganyiko wa mafuta mengi ya harufu yaliyoyeyushwa katika spiriti, na kila mojawapo huruka kwa mwendo wake. Spiriti yenyewe huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo hutoweka mara tu ikigusa ngozi. Limonini, ambayo ndiyo harufu ya maganda ya limau na chungwa, huchemka kwenye nyuzi 176. Yujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu, huchemka kwenye nyuzi 254. Vanilini, ambayo ndiyo utamu wa vanila, huchemka kwenye nyuzi 285.

Bila shaka ngozi ya mtu haifiki huko, wala haihitaji kufika. Maji ya dimbwi hukauka bila kuchemka, na mafuta ya harufu hali kadhalika huondoka polepole. Lakini namba zile zinaonyesha nani ni mwepesi na nani ni mzito. Limau huondoka kwanza, ndani ya dakika chache. Viungo hufuata. Vanila, ubani, sandali na vyenzao hubaki hadi jioni, na huweza kulala kwenye kola ya shati mpaka kesho yake. Ndiyo maana mtengenezaji wa manukato huyapanga kwa zamu tatu: yale ya kukaribisha, yale ya kati, na yale ya kubaki. Manukato ya joto na utamu kama yale ya kwangu huwekewa mzigo mkubwa katika zamu ile ya mwisho.

Sasa tuingize hali ya hewa. Vitu vizito kama yujenoli, kila joto likipanda nyuzi 10, nguvu yake ya kuruka hewani huongezeka zaidi ya mara mbili. Tafakarini hapo. Februari mchana Dar es Salaam tunafika nyuzi 32 au 33. Njombe asubuhi ya Julai tuko chini ya hapo kwa nyuzi 20 na zaidi. Ni kweli kwamba mwili hujipasha wenyewe, hivyo ngozi ya mtu wa Njombe haipoi kiasi hicho, hasa kifuani chini ya sweta. Lakini viganja, uso, nguo ya juu na hewa yenyewe hupoa. Kwa hiyo mipulizo sita ya Dar si mipulizo sita ya Njombe. Dar manukato yote yanafunguka kwa pamoja, viungo vinapanda na vanila nayo inapanda. Katika chumba kisicho na dirisha hayana pa kwenda. Utamu ambao ulipangwa kutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi unamwagika kwa muda mfupi zaidi.

Mtu wa Ulaya yeye ana taabu ya upande wa pili. Wakati wa theluji, manukato mepesi ya limau na maua hayafiki mbali, kwa sababu hewa haiyapi joto la kurukia. Tena pua yenyewe, ikivuta hewa baridi na kavu, hunusa kwa uvivu. Yanayobaki na kusikika ni yale mazito. Chini ya koti la sufi, mwili wenye joto huyatoa taratibu, na mtu akiingia katika chumba chenye moto akavua koti, harufu hutoka kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Hiyo ndiyo maana ya manukato ya baridi. Mdogo wangu hakunidanganya. Alinipa kitu chema, mimi nikakivaa katika nchi ambayo hakikupimiwa.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Tunaposema manukato haya ni ya "joto", si maneno ya kupamba tu. Puani na usoni tuna neva ambayo kazi yake si kunusa bali kuhisi: baridi ya mnanaa, ukali wa kitunguu, moto wa pilipili. Yujenoli ya karafuu na mafuta ya mdalasini huigusa neva hiyo pia, ndiyo maana pua husema "joto" hata kama kipimajoto hakijasogea. Kila mmoja wetu amewahi kuliona jambo hili mdomoni. Ukiumwa jino bibi hukupa karafuu uitafune. Kwanza inachoma, halafu inatia ganzi. Ni yujenoli hiyohiyo, na madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Kiasi kidogo kinafariji. Kikizidi kinawasha, na kwa mwenye pumu harufu kali yoyote inaweza kuibana njia ya pumzi.

Wasikilizaji wangu, nilipofika hapo nikajiambia, basi jambo hili ni la Wazungu na theluji yao, sisi linatuhusu nini? Nikagundua linatuhusu kuliko nilivyodhani. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza ipandwe kila mahali. Mikarafuu ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, hilo tusilipambe kwa harufu nzuri. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kabla ya hapo, mwaka 1872, kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu wakati huo Pemba ndiyo mama wa karafuu.

Yaliyofuata yalitokea katika maabara za Ulaya. Vanila ya kweli ni ghali kwa sababu kila ua lazima lichavushwe kwa mkono. Ufundi huo aliubuni mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, katika kisiwa cha Réunion, si mbali na Madagaska ambayo leo inaongoza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1874 wanakemia wawili wa Kijerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walifanikiwa kutengeneza vanilini bila vanila, kutokana na utomvu wa miti ya jamii ya msonobari. Muda si mrefu ikaonekana kwamba yujenoli ya karafuu nayo inaweza kugeuzwa kuwa vanilini, na kwa miongo kadhaa hiyo ikawa njia kubwa ya viwanda, mpaka miaka ya 1930 ilipopatikana njia rahisi zaidi ya kutumia masalia ya viwanda vya karatasi. Siku hizi vanilini nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Lakini zingatieni hili: wakati ule Zanzibar ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza karafuu. Si ukali tu uliotoka katika mikarafuu ya visiwa vyetu na vya jirani zetu. Hata utamu wa vanila katika chupa za kizungu, kwa kipindi kirefu, ulitoka katika karafuu.

Na manukato yenyewe yakakua kutokana na vitu hivyo. Mwaka 1889 Aimé Guerlain wa Paris alitoa Jicky, mojawapo ya manukato ya kwanza kutumia vanilini ya maabara. Mwaka 1938 Marekani ilipata Old Spice ya wanaume, katika chupa nyeupe yenye picha ya merikebu, iliyojaa karafuu na mdalasini. Wengi wenu mnaikumbuka. Marehemu baba yangu alikuwa karani Lushoto, naye alijipaka matone mawili baada ya kunyoa ndevu, Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mlimani. Mwaka 1965 Jean-Paul Guerlain alitoa Habit Rouge, manukato ya wanaume yenye vanila. Na mwaka 2012 Viktor&Rolf walitoa Spicebomb katika chupa yenye umbo la bomu la kutupa kwa mkono. Nikikumbuka siku ile studio, naliona jina hilo si la mzaha.

Je, mchumaji wa Pemba anapata nini katika chupa hizi? Tufanye hesabu ya kawaida. Karafuu ni tumba, ua ambalo halijafunguka. Mtu hupanda juu ya mkarafuu, akavuta matawi kwa kamba, akachuma vishada kimoja kimoja, na kila msimu wako wanaoanguka na kuvunjika. Zikikauka, kilo moja hutoa mafuta ya gramu 150 hadi 200. Hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki zikichambuliwa, hukamuliwa mafuta. Ndiyo kazi iliyojengewa kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake. Tuseme mtengenezaji anatia gramu moja nzima ya mafuta ya karafuu katika chupa ya mililita 100, na hicho ni kiasi cha ukarimu. Basi kilo moja ya karafuu inatosha chupa zaidi ya 100. Thamani ya chupa haiko katika karafuu, iko katika ufundi wa kuchanganya, jina na matangazo. Silaumu. Nasema tu kwamba anayejipulizia ajue kuna mtu alipanda mti.

Turudi kwenye kosa langu, maana bado sijalieleza lote. Kwa nini nilipofika kazini nilidhani harufu imekwisha? Haikuwa imekwisha hata kidogo. Pua ya binadamu huchoka na harufu moja ndani ya dakika chache, ikaacha kuitolea taarifa, ili ibaki tayari kwa harufu mpya, kwa mfano ya moshi au ya kitu kilichooza. Ndiyo maana mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake, mgeni huisikia mlangoni. Mwenye manukato ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuulizwa kama yametosha. Anayejinusa akaongeza anaongeza kwa ajili ya pua iliyokwisha lala, na mzigo unawaangukia wenzake.

Najua kuna msikilizaji wa Mombasa au Unguja anayetaka kunipinga. Atasema: mbona sisi watu wa pwani tunafukiza udi, tunapaka haluudi, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanajipaka manukato mazito katika jua kali kuliko la Dar? Ni hoja nzuri. Jibu lake ni kwamba wao wana ustadi wa miaka mingi. Mafuta yao hayana spiriti ya kuyarusha kwa mpigo. Hupakwa tone nyuma ya sikio au katika kiganja, hayapuliziwi kama dawa ya mbu. Udi hufukizwa kwenye chetezo, nguo zikala moshi, kisha mtu akatoka. Tena ni desturi ya wote, kila pua iliyopo imeizoea tangu utotoni. Hata hivyo mwenye pumu ni mwenye pumu popote alipo, na watu wa pwani wenye adabu huuliza kabla ya kufukiza chumba chenye mgonjwa au mtoto mchanga.

Basi nini cha kufanya? Nitasema yale ninayoyafuata sasa mimi mwenyewe.

Kwanza, someni chupa. Ikiandikwa kwa Kifaransa Eau de Toilette, mafuta ya harufu huwa kama asilimia 5 hadi 15. Ikiandikwa Eau de Parfum, huwa kama asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo inataka mkono mwepesi zaidi. Tangu sheria ya mwaka 2003, Umoja wa Ulaya uliwataka watengenezaji wataje kwenye pakiti vitu 26 vya harufu vinavyojulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi vikizidi kiasi fulani, na orodha hiyo imeongezwa baadaye. Yujenoli imo, na kemikali ya harufu ya mdalasini imo. Kama ngozi yako huwashwa kwa viungo hivyo, jaribu tone moja ndani ya mkono, ungoje siku nzima kabla hujajipulizia shingoni.

Pili, pimeni kwa hali ya hewa. Manukato ya karafuu, mdalasini, vanila na tumbaku wekeni kwa Njombe, Mbeya, Arusha, Lushoto na Nairobi miezi ya Juni hadi Agosti, au kwa jioni yenye upepo baada ya mvua. Mpulizo mmoja au miwili chini ya nguo unatosha. Dar, Tanga na Mombasa wakati wa kaskazi tumieni yale mepesi ya limau na majani. Yataisha mapema, na hilo ni jambo jema.

Tatu, na hili ndilo kubwa, fikirieni chumba kabla ya kufikiria shingo. Anayekaa uwanjani ana uhuru kuliko anayekaa katika basi lililofungwa madirisha. Ukienda wodini kumjulia hali mgonjwa, ukienda darasani, ukienda ofisini ambako mwenzako hawezi kuhamisha kiti, nenda na harufu ya sabuni. Chakula kibaya mtu anaweza kukataa kukila, na muziki mbaya anaweza kuziba masikio. Pumzi hawezi kuikataa. Anavuta anachopewa na jirani yake.

Mwezi Agosti niliporudi kutoka Njombe nilimpigia simu yule mzee, nikamwomba aje tena tumalizie mazungumzo yetu ya bandari. Sikutegemea akubali. Alikubali. Asubuhi hiyo nilioga kwa sabuni ya mche, nikavaa shati lililoanikwa juani, na kiyoyozi tulikirekebisha siku mbili kabla. Mzee alifika na mkongojo wake, akasimama mlangoni pa studio, akavuta pumzi kidogo kidogo kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Kisha akanitazama akasema, "Leo umekuja peke yako?"

Nikamjibu, "Peke yangu, mzee wangu."

Akaingia, tukazungumza dakika 50 bila kikohozi hata kimoja. Mazungumzo hayo mtayasikia Jumapili ijayo, saa na masafa yetu yaleyale. Hadi hapo, nawatakia juma jema na pumzi safi.